Uzi kwa wanaosema weusi wa Marekani hawajui kuoa: someni mpaka mwisho, na nahitaji ushauri

Binti wa Kibosho (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, na tafadhali tusitukanane.

Mimi ni mwanamke wa miaka 37, mzaliwa wa Kibosho, Moshi. Nilikuja Marekani mwaka 2013 kwa bahati nasibu ya green card na uraia nimeshapata, kwa hiyo wale wa "anatafuta makaratasi" niwaondoe mapema. Naishi Prince George's, Maryland, pua na mdomo na Washington DC, wilaya ambayo zaidi ya nusu ya wakazi wake ni weusi. Nilibeba boksi kama wengi wenu, nikalea wazee, nikasoma usiku, leo ni muuguzi.

Nina mchumba, Mmarekani mweusi wa miaka 43, fundi wa viyoyozi, mtoto wa DC. Tulikutana kwenye nyumba ya wazee niliyokuwa nafanya kazi. Kiyoyozi cha ghorofa ya pili kilikufa katikati ya Julai, wazee wanahema, akaja akakitengeneza. Alipomaliza hakuondoka. Alikaa karibu nusu saa akimsikiliza bibi mmoja ambaye watoto wake hawaji kumwona. Nilimtazama nikiwa mlangoni na trei ya dawa mkononi. Huu ni mwaka wa tatu tuko pamoja. Anataka kunioa kwa utaratibu wa kwetu: barua ya posa, mshenga, mbege, asiruke hatua.

Nikapiga simu nyumbani. Baba alishatangulia, msemaji wetu ni baba mdogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza maswali mawili. "Hao weusi wa huko si ndio wasiooa?" na "Ukoo wake ni upi?" Nilibaki nimeshika simu. Baadaye dada yangu, niliyemwambia jambo moja kwa siri, akalifikisha kwa wakubwa: huyu bwana amewahi kufungwa. Tangu siku hiyo baba mdogo hapokei simu yangu.

Swali la kwanza nalijua vizuri maana hata mimi nilikuja nalo kwenye begi. Zamu yetu ya usiku tuko wanawake weusi wanane, aliyeolewa ni mmoja. Kiongozi wa zamu ana miaka 45, shahada mbili, nyumba yake mwenyewe, kanisani hakosi. Aliniambia mara ya mwisho mwanaume kumtoa mtoko ni miaka mitatu iliyopita. Nilipokuwa mgeni niliamini ni kiburi, kama tunavyoambiana. Sasa naona ni hesabu. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilipiga hesabu hiyo: kwa kila wanawake weusi 100 wa miaka 25 hadi 54 walio uraiani, wanaume weusi ni 83. Kwa wazungu ni 99 kwa 100. Hao pungufu wengi wako gerezani, au wamekufa kabla ya wakati. Wanawake 17 katika kila 100 watakaa wapi kwenye hesabu hiyo, hata wawe wanyenyekevu kiasi gani?

Na hawa watu hawakuanza hivi. Mchumba wangu alinipeleka kwenye jumba la makumbusho ya watu weusi pale DC, lile lililofunguliwa 2016. Tuliingia saa nne asubuhi tukatoka jioni. Wakati wa utumwa sheria haikuitambua ndoa ya mtumwa. Walioana hivyo hivyo, wengine kwa kuruka ufagio mbele ya wenzao, na wako wahubiri waliowafungisha kwa maneno haya: mpaka kifo au *umbali* utakapowatenganisha. Umbali maana yake bwana akimuuza mmoja wenu. Yaani unaapa huku unajua kuna mtu anaweza kuja kesho na karatasi na ndoa yako ikaishia hapo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha 1865, watu hawa walifanya nini na uhuru? Walitembea. Walitembea kwa miguu kutafuta wake na waume waliouzwa. Walitoa matangazo kwenye magazeti ya makanisa yao, namtafuta mke wangu, aliuzwa mwaka fulani kwa fulani, mwenye kumjua asimamishe safari yangu. Wakapanga foleni mbele ya maofisa wa serikali waandikishe ndoa ambazo tayari walikuwa wameziishi miaka kumi, ishirini. Kule Mississippi karani aliwauliza kama waliwahi kuishi na mwenza mwingine, na kilichowatenganisha ni nini. Wapo waliojibu kifo. Wapo waliojibu kwamba walitenganishwa kwa nguvu.

Hao ndio "wasiojua kuoa"? Sensa za Marekani zinaonyesha kwamba kuanzia 1890 hadi miaka ya 1940 wanawake weusi walikuwa wanaolewa mapema kuliko wazungu. Leo karibu nusu ya weusi wenye miaka 15 na kuendelea hawajawahi kuoa wala kuolewa. Katikati hapo kuna mambo yalitendeka, na moja nitalieleza kwa sababu linahusu mtu ninayempenda.

Mwaka 1986 lilipita sheria la dawa za kulevya. Gramu 5 za crack, ile kokeini ya vipande iliyozagaa mitaa ya weusi, zilikuwa miaka mitano jela, hakimu hana ruhusa ya kupunguza. Unga wa kokeini ambao wenye pesa walikuwa wanavuta, ili ufungwe miaka hiyo hiyo mitano ulipaswa kukutwa na gramu 500. Mara mia moja! Mchumba wangu alikamatwa 2001 akiwa na miaka 19, zaidi ya gramu 50 kidogo. Miaka kumi. Alikosa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia, siku ya pili tu ya kutoka pamoja, kabla sijamuuliza. Mwaka huo huo gereza la Lorton lililokuwa likipokea wafungwa wa DC likafungwa, wakawa wametawanywa kwenye magereza ya shirikisho nchi nzima. Yeye alikaa Pennsylvania, akahamishiwa Kentucky. Alikuwa na msichana waliyeahidiana. Alimtembelea mara mbili. Basi, nauli, kazi, umbali. Alitoka 2010, mwaka ambao Bunge lilipunguza ile tofauti ya 100 kwa 1 ikawa 18 kwa 1.

Mnaona neno lile limerudi.

Swali la pili, la ukoo, ndilo limenikosesha usingizi. Anamjua bibi yake na mama wa bibi yake. Zaidi ya hapo hakuna. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika weusi wote kwa majina. Zile za 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa chini ya jina la mwenye mali: umri, jinsia, rangi, basi. Sasa mimi nimjibu nini baba mdogo?

Ushauri, tafadhali. Hasa walioolewa au kuoa huku.

---

Dereva wa Malori Houston

Dada, nimesoma yote nikiwa nimepaki Louisiana. Nilioa Mmarekani mweusi 2009, tukaachana 2016. Nimekaa miaka nikiwaambia watu kosa lilikuwa la utamaduni wao, na leo nataka kusema ukweli hapa.

Nilikuwa natuma hela nyumbani bila kumwambia. Ada za wadogo, paa la mama, msiba wa shangazi, harusi ya binamu. Mwezi mwingine dola 900 zinaondoka kwenye akaunti ya pamoja na yeye anaziona hazipo. Akiuliza nasema ni mambo ya familia. Akanijibu siku moja, "Na mimi ni nani?" Nililiona ni jibu la jeuri. Nikampigia kaka yangu simu nikamwambia hawa wanawake wana midomo.

Wakuu, yule alikuwa mtoto wa mama aliyelea watoto wanne peke yake. Alishaona mwanaume anayeondoka kidogo kidogo, na mimi nilikuwa naondoka kwa Western Union. Hakukataa kusaidia. Alitaka ajue. Baba yangu alipougua 2014 na nikamwambia wazi, alichukua zamu mbili za ziada. Mwambie huyo bwana mapema kuhusu nyumbani, dada, na taja kiasi. Msikae kwenye ndoa na siri ya upendo wa mama yako.

---

Mama Junior wa Tabata

Mdogo wangu, historia ni nzuri lakini jela ni jela. Mimi ni mzazi. Binti yangu akiniletea aliyefungwa miaka tisa kwa unga, mitaa yetu hii ambayo tumeona unga ulivyowamaliza vijana, nitalia. Hao wazee wako si wabaya, wanaogopa.

---

Binti wa Kibosho

Dada mkubwa, asante kwa kusema bila matusi. Hofu hiyo naielewa na sikuja kuwaita wazee wangu wabaya. Hata yeye hajawahi kuniambia "nilionewa". Anasema mtaani kwao wapo mama waliozika watoto, na yeye alikuwa sehemu yake. Miaka 15 tangu atoke, hajaguswa na polisi isipokuwa kusimamishwa barabarani. Ana leseni ya ufundi, anafundisha vijana wawili kazi bila malipo kila kiangazi.

Ninachokataa ni adhabu isiyo na mwisho. Kijana wa kizungu wa chuo aliyekuwa na kiasi kile kile cha unga asingefika hata kwenye ile miaka mitano ya lazima, na leo pengine ni meneja na anaoa bila mtu kuuliza.

---

Msafiri254

Wadau, mimi ni Mkenya niko Atlanta, 34, sijaoa. Naomba niongee kwa upande wa wanaume walio soko, maana hapa ndio Marekani nzima husema ni mji wa weusi waliofaulu. Vyuo vya weusi, Spelman ya wasichana na Morehouse ya vijana, vimekaribiana kabisa. Ungedhani hapa hakuna mtu analala pekee yake.

Shida ya kwanza ni vile watu huanza. Hakuna kutongozana kama nyumbani ambako msichana anajua umekuja na nia gani. Hapa "mnaongea". Miezi minne mnaongea, mnakula pamoja, umeshamjua mpaka mbwa wa mamake, na ukiuliza sisi ni nini unaambiwa usiharakishe. Wanaume wengi wanapenda hivyo kwa sababu wako wachache na wanajua. Hiyo hesabu ya 83 dada ametoa, nimeiona live. Nina rafiki ana wanawake watatu, wote wasomi, wote anaongea nao. Si mtu mbaya kazini, si mwizi. Ni vile hakuna kitu kinamlazimisha kuchagua.

Shida ya pili ni masomo. Katika digrii za kwanza ambazo weusi hupata nchi hii, karibu theluthi mbili ni za wanawake. Basi mwanamke mwenye masters anatafuta mwenzake wa kiwango chake na hesabu inazidi kukonda. Nilitoka na wakili mmoja, mimi nikiwa bado naendesha Uber. Niliachana naye mimi. Yeye hakuwahi kunidharau hata siku moja. Nilikuwa nasikia dharau ambayo haikuwa imesemwa. Bado inaniuma.

Na kuna hii ya kuoa nje. Pew, kituo cha utafiti cha hapa, walitoa ripoti: kati ya weusi waliofunga ndoa 2015, wanaume asilimia 24 walioa rangi nyingine, wanawake ni 12. OkCupid, mtandao wa kutafuta wachumba, nao walitoa takwimu zao 2014, na wanaume wasio weusi walikuwa wanawapa wanawake weusi alama za chini kuliko wengine wote. Fikiria umeketi na simu usiku, umependeza, na mashine inakuonyesha hiyo kila siku. Halafu sisi tunakuja kutoka Nairobi na Dar tunasema ni wakali. Mtu akikaa amevaa ngao hivyo miaka kumi, utashangaa ngao imegandia mkono?

Huyo bwana wako alikwambia ukweli siku ya pili. Mimi ningemuoza dada yangu.

---

Chuma cha Ubungo

Tusipambe mambo. Watoto 7 kati ya 10 wa weusi Marekani wanazaliwa nje ya ndoa. Hiyo ni takwimu ya serikali yao. Wanaume hawalei.

---

Mwalimu wa Civics

Ndugu yangu, takwimu yako ni sahihi, hitimisho si sahihi. Mtoto kuzaliwa nje ya cheti si sawa na mtoto kutokuwa na baba. Kituo cha afya cha serikali yao hiyo hiyo, CDC, kilitoa utafiti Desemba 2013 kuhusu kina baba. Kati ya wanaoishi na watoto wao wadogo, baba weusi waliosema wanawaogesha, kuwavisha au kuwabadilisha nepi kila siku walikuwa asilimia 70, wazungu 60. Na hata wasioishi nao, baba weusi hawakuwa nyuma ya wengine.

Halafu tuangalie kwetu. "Sogea tuishi" ngapi unazijua hapo Ubungo? Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamke na mwanaume wakiishi pamoja miaka miwili na watu wakawaona ni mke na mume, inachukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sisi tuna sheria inayoifunika nyumba isiyo na cheti. Wao waliwekewa iliyowavua. Mama mweusi maskini akipokea msaada wa serikali kwa ajili ya watoto, majimbo kadhaa yalituma wakaguzi kuangalia kama kuna mwanaume ndani. Akikutwa, msaada unakatwa. Iliishia Mahakama ya Juu mwaka 1968, kesi ya King dhidi ya Smith, ya mama wa Alabama aliyefutiwa msaada wa watoto wake kwa sababu tu mwanaume alikuwa anamtembelea mwisho wa wiki. Yaani dola ilimwambia mwanamke achague, mume mlangoni au uji wa watoto. Chaguo hilo ungelifanyaje wewe?

---

Chuma cha Ubungo

Hiyo ya kukagua nyumba sikuijua. Nimekuelewa mwalimu.

---

Muto wa Bukavu

Jambo kwenu bandugu. Mimi niko Dayton, Ohio, tangu 2014, tulipita kambini Nyarugusu. Bibi yangu, yaani mke wangu, ni mweusi wa hapa. Kwetu ukoo waliuliza vile vile, na mimi niliwajibu: sisi tulikimbia vita, na vitabu vya ukoo wetu viliungua pia. Tumuhurumie mwenzetu. Leo mama yangu anaishi kwetu na ni huyo bibi anayemupeleka dialisisi mara tatu kwa juma.

---

Bint Ng'ambo

Naandika kutoka Unguja. Nimeguswa na swali la "ukoo wake ni upi", kwa sababu sisi watu wa visiwani na pwani tunalijua linavyouma, tena tunaliuliza makusudi wakati mwingine.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873. Hali ya utumwa ikafutwa kisheria 1897, na masuria wakabaki mpaka 1909. Bibi yake bibi yangu aliletwa kutoka bara. Wapi bara, hatujui. Nyumbani akaitwa kwa jina alilopewa na hilo ndilo tulilorithi. Nilipoposwa mara ya kwanza, upande wa mwanaume waliuliza nasaba, na wazee wangu wakainamisha vichwa. Posa ile haikurudi. Nilikuwa na miaka 22 na nilimpenda.

Kwa hiyo dada wa Kibosho, mwambie ba'mdogo kwa adabu, kwamba mtu aliyenyang'anywa jina la babu yake asiulizwe kana kwamba amelipoteza kwa uzembe.

---

Binti wa Kibosho

Bint Ng'ambo, nimesoma hii nikiwa mapumzikoni kazini na nimeshindwa kurudi wodini kwa dakika kumi. Asante. Pole sana.

Dereva wa Houston, jana usiku nimemwonyesha risiti zote za hela ninazotuma nyumbani. Alizitazama moja moja, akauliza mama anatumia dawa gani ya presha.

---

Mzee wa Silver Spring

Binti yangu, nimefuatilia. Nipo huku tangu 1988 na ni mtu wa Old Moshi, kwa hiyo nisikilize kama baba.

Kwanza nijibu maswali ambayo mshenga angeuliza. Amewahi kukuinulia mkono? Ana watoto? Anawatunza? Ana madeni ya mahakamani? Anakunywa?

Pili, kuhusu ukoo. Rejista za ndoa za watumwa walioachiwa huru hapa DC zipo. Bunge lilihalalisha ndoa zao mwaka 1866, ofisa akapita akiwaandikisha. Ziko Nyaraka za Taifa, zimepigwa picha na zinasomeka mtandaoni bure. Aanze na bibi anayemjua, apande sensa kwa sensa mpaka 1870, halafu avuke kwenda kwenye rejista. Wengine hawapati. Wengine wanapata.

---

Binti wa Kibosho

Shikamoo mzee. Hajawahi kuniinulia mkono wala sauti. Ana binti mmoja wa miaka 12, wanalea pamoja na mama yake, anakaa kwetu kila wiki ya pili, na matunzo anatoa kabla ya tarehe. Deni la mahakama alimaliza 2017, karatasi nimeiona. Pombe ni bia wakati wa mpira. Jumapili jioni tunakwenda kucheza hand dance, dansi ya wazee wa DC, na amenifundisha mpaka sasa wananiita nicheze nao.

Tunaanza kutafuta Jumamosi hii. Binti yake ndiye atakaa kwenye kompyuta.

---

Binti wa Kibosho (wiki tatu baadaye)

Wakuu, nimerudi.

Ilichukua Jumamosi tatu. Bibi, mama wa bibi, babu yake, sensa ya 1900, ya 1880, kisha 1870. Hapo tukakuta familia nzima kwenye ukurasa mmoja, mume, mke, watoto sita. Tukaingia kwenye rejista. Mwandiko ni mgumu, wino umefifia, yule mtoto alikuwa anakuza picha herufi kwa herufi. Saa mbili usiku akasema, "Daddy, it's them." 

Majina nayatunza kwa ajili ya posa. Ila imeandikwa walikotoka kabla ya kukimbilia DC wakati wa vita: Prince George's, Maryland. Hapa hapa! Wilaya iliyokuwa mashamba ya tumbaku, yenye watumwa wengi kuliko sehemu yoyote ya Maryland. Mimi nimekuja kutoka Kilimanjaro nikapanga nyumba kwenye ardhi ambayo wazee wake waliitoroka usiku. Imeandikwa pia kwamba siku ya kuandikishwa walikuwa wameishi pamoja miaka 14 na wana watoto watano. Mchumba wangu alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Nilimwacha, kisha nikamfuata.

Nikaichapisha ile karatasi, nikamtumia mama picha yake kwa WhatsApp na maelezo ya sauti kwa Kichaga. Mama akachuma isale, jani letu Wachaga la kuombea radhi, akapanda nayo kwa baba mdogo asubuhi, hakumpigia simu. Aliipokea. Jana amenipigia yeye mwenyewe. Hakuongelea jela. Aliuliza kama huyo mzee wa kwenye karatasi alikuwa mkulima, nikamwambia ndiyo, wa tumbaku, shamba lisilo lake. Akakaa kimya. Akaniambia ile karatasi iletwe pamoja na barua ya posa, isomwe mbele ya ukoo kwa sauti, na majina yatamkwe vizuri.

Mzee wa Silver Spring, nimekutumia ujumbe wa ndani. Bwana hana mzazi wa kiume aliye hai, na anahitaji mshenga anayejua Kichaga na Kiingereza.

---

Mzee wa Silver Spring

Nimeupata. Mlete Jumapili baada ya misa, aje na binti yake. Tutaanza na majina ya kwenye karatasi.